Viatu Vyeupe vya Mkwe wa Kuku

Mzigo ulifika Ijumaa asubuhi kwa mashua ya wanunuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya Kongo, na kabla Chalwe hajaufungua alijua kwamba umeharibika. Gunia lilikuwa limelowa upande mmoja, na mahali lilipolowa palikuwa pekundu kama papai lililopasuka. Lilinuka mafuta ya mawese.

Rodwell, kaka wa mkewe, alifanya kazi ya reli kule Elisabethville. Alikuwa ametuma vitu viwili: chupa ya mawese ya mama yake, na viatu vyeupe vya turubai vya Chalwe. Chupa aliiziba kwa gunzi la hindi, akailaza juu ya viatu, akafunga gunia, akaridhika. Kuna watu wanapewa kazi ya kuangalia treni ambao hawawezi kuangalia chupa.

Chalwe alivitoa viatu kimoja kimoja mbele ya mkewe Dorica. Cha kulia kilikuwa cheupe. Cha kushoto kilikuwa kimekunywa nusu ya chupa.

Dorica aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka. Alipopata sauti alimwita baba kwa jina la binti yao wa kwanza, kama ilivyo adabu.

"Bashi Chola, kimoja iko ya kanisa, kingine iko ya kukaangia."

"Cheka tu. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Na kesho kutwa?"

Dorica akaacha kucheka.

Kesho kutwa ndiyo Jumapili ambayo Chalwe alikuwa asimikwe ushemasi. Kiti kilikuwa kimoja na waliokitaka wawili, yeye na Mukuka muuza chumvi. Wazee walimchagua Chalwe kwa kura mbili za ziada. Lakini Nkonde, mwalimu wa kanisa, mtu aliyependa karatasi kuliko chakula, alikwisha kubandika tangazo mlangoni: atakayesimikwa awe mweupe toka kichwani hadi anapokanyaga, na asiyetimiza ampishe mwenzake. Mitume walitembea na vumbi miguuni na hakuna aliyewarudisha nyumbani, ila hilo Nkonde hakuliandika. Shati Chalwe alikuwa nalo. Suruali alikuwa nayo. Mukuka alikuwa na vyote pamoja na viatu, na tangu tangazo litoke alikuwa akivivaa kila siku kwenda ufukweni mashua zinaposhusha samaki, akiruka madimbwi kama korongo ili watu wavione.

Mtu anaweza kuuliza, ushemasi una nini? Mshahara hakuna. Kuna kiti kinachotazamana na watu, na kuna jina. Chalwe alitaka jina. Alikuwa na jina jingine, na alikuwa amelichoka. Ufukwe mzima ulimwita Mkwe wa Kuku.

Jina hilo lilizaliwa na heshima, ndiyo maana liliuma. Kwa desturi ya kule, mume hasemi na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali naye, halitamki jina lake, mpaka siku mama mwenyewe atakapompikia na kumwingiza nyumbani kwa sherehe. Wengine huingizwa baada ya mwaka, wengine wakishapata mtoto. Chalwe alikuwa na watoto wanne na miaka kumi na moja ya kungoja. Mama mkwe wake, Rosaria, mjane, mkunga wa kijiji, alikaa ng'ambo ya uwanja huohuo, hatua ishirini tu, na hakuwa na haraka. Kila alipoulizwa alijibu, "Bado ninamupima."

Lakini watu wa uwanja mmoja wana mambo ya kuambiana. Mbuzi amekata kamba. Paa linavuja. Kwa hiyo Rosaria alimwambia kuku. Huyu alikuwa mtetea wa kijivu asiye na manyoya shingoni, wa tano katika kazi hiyo. Wanne waliomtangulia walifia kazini. Rosaria alisema na kuku, Chalwe akasikia. Chalwe alimjibu kuku, Rosaria akasikia. Kuku mwenyewe alidonoa yake.

Siku hiyo Chalwe alikaa kwenye kigoda na beseni la maji, kipande cha sabuni na fundo la wavu mkuukuu la kusugulia. Kabla hajachovya kitu, sauti ilitoka ng'ambo ya uwanja, taratibu, kama ya mtu anayesema na kuku wake tu.

"Kuku, sikia. Mutu akiwa na mafuta kwa kitambaa, asitie mayi. Mayi inatembeza mafuta. Atie bunga ya muhogo kwanza, bunga inywe mafuta, apanguse. Mayi inakuya nyuma."

Shauri lilikuwa zuri. Lakini asubuhi hiyo Chalwe alikuwa amekasirikia ukoo mzima wa gunzi. Akamwambia kuku kwamba yeye alianza kufua nguo kabla kuku hajawa yai, akavitumbukiza viatu vyote viwili kwa pamoja, akasugua kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta nyavu.

Alipovitoa, vyote viwili vilikuwa na rangi ya papai.

Kisha Rosaria akamwambia kuku kwamba ni vizuri, sasa sapato mbili ziko za rangi moja, zinapatana.

*

Mchana huo Dorica alishika kazi mwenyewe. Viatu vilipokauka kidogo alivimwagia unga wa muhogo, akauacha uvute, akapangusa. Unga ulitoka mwekundu. Akamwaga mwingine, ukatoka wa manjano. Mara ya tatu ukatoka karibu kama ulivyoingia. Ndipo sabuni ikafuata, kisha majivu yaliyochekechwa. Zikabaki ndimu na chumvi za kupaka ili viatu vianikwe juani. Ndimu zilikuwapo. Chumvi ilikuwa imekwisha, na chumvi yote ya Nchelenge, kijijini kwao, ilikuwa mikononi mwa Mukuka.

Dorica alikwenda. Alimkuta Mukuka amekaa nyuma ya mafungu yake, miguu ameinyoosha mbele ili viatu vyake vitazame njia. Akamwambia anataka fungu moja, la samaki.

"Samaki ya namna gani, mama?" Mukuka aliuliza kwa upole. "Ya kula ao ya kuvaa?"

Wanawake waliokuwa wakianika samaki waliinamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Dorica akajua kwamba gunia lilikwisha kusema njia nzima kabla halijafika nyumbani. Alichukua chumvi yake akaondoka. Njiani alitafuta jibu, na jibu zuri lilimjia alipofika kwake, kama kawaida ya majibu mazuri.

Ndimu na chumvi zilifanya kazi yake, na jua likafanya yake juu ya paa, Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi. Jumamosi mchana Chalwe alivishusha viatu, akavitazama. Mafuta yalikuwa yamekwenda. Rangi ilibaki. Vilikuwa kama chai isiyotiwa maziwa, na hata Nkonde, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alijua tofauti ya chai na theluji ya kwenye Biblia.

Dorica alikuwa amekwenda kukandika sakafu ya kanisa pamoja na wanakwaya wenzake. Chalwe alikaa peke yake uwanjani na viatu vyake vya chai. Mwishoni akakohoa, akamwambia kuku kwamba jana alimjibu vibaya, na kwamba kuku akikutana na mtu anayejua mambo haya, amwambie kuna mtu hapa anashindwa.

Jibu halikukawia.

"Kuku, weupe aniachie mimi. Mwenye sapato aziweke katikati ya uwanja, aende kwa nyavu zake, asigeuke."

Chalwe aliviweka katikati ya uwanja, kimoja kando ya kingine, akaenda kwenye nyavu zake. Hakugeuka.

Aliporudi alasiri, viatu vilikuwa vimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Vilikuwa vyeupe kama jino la mtoto. Chalwe alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili ilimletea neno moja: pemba.

Pemba ni ule udongo mweupe unaochimbwa kwenye kingo za mito. Wenye pepo hujipaka, waganga hujipaka, na mkunga humpaka mzazi aliyejifungua salama. Kanisa lilikuwa limeukataza. Mwaka uliopita mwanamke mmoja alikalishwa benchi la nyuma miezi mitatu kwa alama ya vidole viwili vya pemba kwenye paji la uso. Vidole viwili tu. Na Rosaria alikuwa mkunga. Bonge la pemba lilikuwa ndani ya chungu chake, kila mtu alijua.

"Kuku," Chalwe alisema, "samahani. Uliza, sapato zimepakwa nini?"

"Kuku, mwambie weupe ni weupe," sauti ilijibu kutoka ndani. "Asizishike mpaka kesho."

Dorica aliporudi hakujua lolote, akasema atamuuliza mama asubuhi. Asubuhi mama hakuwapo. Alikuwa ameitwa alfajiri kuzalisha katika kijiji cha pili, na alikuwa ameacha neno kwamba ataelekea kanisani moja kwa moja.

Dorica naye alitangulia na kwaya. Chalwe alibaki na viatu mkononi. Aliwaza kuvilamba. Ulimi ungemwambia mara moja kama ni unga au ni udongo. Alifungua mdomo, akakileta kiatu karibu, akanusa. Kisha akafunga mdomo. Kama ni pemba na amejua, hataweza kuvivaa. Na kama hakuvivaa, kiti ni cha Mukuka. Asiyejua halali vizuri, lakini angalau anaweza kuvaa viatu.

Akavivaa.

*

Kuku alianza kumfuata kuanzia uwanjani. Chalwe alimfukuza kwa mkono, kuku akarudi. Akamtupia kijiti, akarudi. Katika kila hatua viatu vilitoa vumbi jeupe kidogo, na kuku aliokota chochote kilichoanguka, kwa bidii, bila kuinua kichwa. Chalwe aliongeza mwendo. Kuku naye akaongeza. Wakapita hivyo mbele ya watu waliokaa milangoni, mwanamume aliyevaa nyeupe tupu na kuku asiye na manyoya shingoni, wote wawili wakikimbia bila kutaka kuonekana wanakimbia.

Kanisa lilikuwa limejaa. Sakafu ilikuwa nyeusi na laini, imekandikwa jana. Kwaya ilikuwa ikiimba Chalwe alipoingia, na wa kwanza kuona alikuwa mkewe, kwa sababu sakafu ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Nyayo nyeupe zilikuwa zikitoka mlangoni zikija mbele moja moja. Sauti ya Dorica ilikatika. Ya jirani yake ikafuata. Wimbo ulikufa sauti baada ya sauti, akabaki mzee mmoja wa sauti nzito ambaye hakuwa akitazama, naye akaimba mstari mzima peke yake kabla hajaguswa bega.

Mukuka alisimama. Alikuwa amevaa nyeupe yote, tayari, kama mtu aliyepita njia tu akakuta wanahitaji shemasi.

"Mwalimu, siko na neno mubaya," alisema. "Ninauliza tu. Ile mweupe inamwagika kwa sakafu ya Mungu, iko nini?"

Nkonde alishuka na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Aliinama akatazama nyayo. Akatazama viatu. Akamtazama kuku, aliyekuwa amefika na kuanza kudonoa ncha ya kiatu cha kushoto. Watu wa mbele walianza kunong'ona, na neno lililonong'onwa lilikuwa moja. Kuku na pemba pamoja. Kwa mganga ndiko mtu anakovikuta pamoja.

"Chalwe, sema mbele ya watu. Ni pemba?"

Chalwe alijua kwamba neno moja lilitosha. Hapana. Mukuka asingeweza kubisha, na kiti kilikuwa pale, hatua tatu mbele yake, kimepakwa mafuta kimeng'aa.

"Sijui, Mwalimu," alisema.

"Hujui umevaa nini?"

"Kuvaa najua nimevaa. Kupakwa ndiko sijui."

Nkonde akauliza ni nani aliyevipaka. Hapo Chalwe alinasa kama samaki kwenye wavu, kwa sababu jina hilo kinywa chake hakikuwahi kulitamka. Akasema ni mama wa nyumba ya pili. Nkonde akataka jina. Chalwe akasema jina lake yeye hawezi kulitaja, na Mwalimu anajua sababu. Aliyasema haya akitazama ukuta juu ya mabenchi ya wanawake, kwa kuwa chini ya ukuta huo, pindo la nguo limelowa umande, alikuwa amekaa Rosaria.

"Uliza kuku," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

Kanisa lote lilicheka. Walicheka hadi mabenchi yakatikisika, na hata mtoto mchanga aliamka akalia. Chalwe alitoa jasho. Na mtu akibanwa hufanya alilolizoea. Aliinama.

"Kuku, tafadhali," alisema kwa sauti ndogo. "Uliza kule. Iko bunga ao iko pemba?"

"Chalwe," Nkonde alisema, na uso wake ulikuwa mkali kweli sasa, "katika nyumba hii hatuombi kuku."

Kicheko kilikatika. Ndipo watu waliposikia benchi la wanawake likilia. Rosaria alikuwa amesimama. Alipita kati ya magoti ya wenzake, akatoka, akavuka sakafu mpaka upande wa wanaume, akasimama mbele ya mkwe wake. Chalwe aligeuza uso haraka kama alivyofanya miaka yote.

"Chalwe," alisema Rosaria.

Hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina hilo. Wala Dorica.

"Inua muguu."

Chalwe akainua. Rosaria akapiga magoti, mama mkwe miguuni kwa mkwe, jambo ambalo wazee wa pale hawakuwa na neno la kuliita, akakwangua kiatu kwa ukucha, akatia ulimini. Alitafuna polepole kama mtu anayeonja chakula cha nyumba nyingine.

"Muhogo," alisema. "Niliuloweka mimi siku ine, nikautwanga mimi, nikapika uji, nikapaka mara tatu, na kavu nikanyunyiza juu. Pemba yangu iko kwa chungu, iko ya wazazi, siwezi kuimalizia kwa miguu ya mutu." Akakwangua tena, akamgeukia Mukuka, akanyoosha kidole. "Onja."

Mukuka alimtazama Nkonde. Nkonde alitazama dari. Mukuka akaonja.

"Nini?"

"Muhogo."

"Sema wale wa nyuma wasikie."

"Iko muhogo," Mukuka alisema kwa nguvu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara na hakutaka kuondoka bila kitu, akaongeza, "Haukuiva vizuri."

"Iko ya sapato. Haikuwa ya wageni," alisema Rosaria. "Na nyinyi wote muko na kuku kwenu. Nani alishaona kuku inafuata pemba njia nzima?"

Hakuna aliyekuwa ameona. Ingawa ni jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulifikiri tangu mwanzo, hakuna aliyelifikiri, na wengi walianza kutazama mikono yao.

Lakini Mukuka hakuwa amekaa. Alionyesha kiatu kwa kidevu. Kucha za Rosaria zilikuwa zimeacha michirizi miwili, kuku alikuwa amemaliza ncha nzima, na chini yake chai ilikuwa ikionekana wazi. Akasema pemba haipo, sawa, lakini na weupe haupo, na tangazo ni tangazo. Nkonde akapangusa miwani. Karatasi yake ilikuwa imemgeuka.

Dorica ndiye aliyesema, kutoka kwenye kwaya. Jibu lake zuri safari hii lilikuja kwa wakati.

"Mwalimu, karatasi inasema 'toka kichwani hadi anapokanyaga'. Viatu haikutaja. Mimi naifagilia chini yake kila juma, naijua."

"Vua," Rosaria alimwambia mkwe wake.

Chalwe akavua. Unga ulikuwa umepenya turubai, ukachanganyika na jasho la mbio zile, ukaganda. Miguu yake ilikuwa myeupe pe kuanzia vifundo hadi nyayo. Nkonde aliinama akaitazama, akaenda mlangoni akasoma tangazo lake neno kwa neno, akarudi akaitazama tena.

"Imetimizwa," alisema.

Wakamsimika peku. Kuku alitolewa nje mara mbili katika ibada.

*

Jina alilolitaka alilipata, ingawa si kama alivyolitaka. Kufikia Jumatano ufukwe mzima ulimwita Shemasi Bunga. Ni afadhali. Mtu anaweza kulizeekea jina kama hilo.

Dorica alimuuliza mama yake ni nini kilichomaliza kupima kwa miaka kumi na moja. Rosaria alikuwa akichambua mboga. Alisema kile kiti kilikuwa hatua tatu, naye aliona, na mutu mwingine angesema hapana upesi akakaa. Huyu alisema sijui. Mutu anayesema sijui unaweza kula naye.

Jumamosi ya pili akampikia. Ndugu wa pande zote mbili walikuja, mkeka ukatandikwa, Chalwe akaongozwa hatua ishirini za uwanja na kuingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ambayo paa lake alilitengeneza mara nne. Aliketishwa mbele ya bukari, ugali wa muhogo, na kitoweo cha kuku, akapewa paja, kama inavyompasa mkwe. Alikula kwa adabu, macho chini. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, ya mnyama aliyefanya kazi.

"Umeshiba?" Rosaria alimuuliza.

Alimuuliza yeye, uso kwa uso, mbele ya watu. Chalwe alitaka kujibu, na kabla ya neno kutoka shingo yake iligeuka yenyewe kuelekea mlangoni, macho yakatafuta uwanjani, chini, karibu na kinu.

"Usimutafute," alisema Rosaria. "Umemushika mukononi."